Kabla ya kuandika "sababu haijulikani", tazameni mikono ya mgonjwa

Kwa mawaziri wa afya, wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa vyuo vya tiba, na ninyi nyote mnaoandika miongozo ya matibabu na kuidhinisha vipimo.

Waheshimiwa,

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kifua. Ninampokea mgonjwa kabla hajaonana na daktari: nampima shinikizo la damu, joto, uzito na oksijeni, namfanyisha kipimo cha kupuliza, kisha namtembeza dakika 6 kwenye korido nione pumzi inavyomwendea. Nawaandikia kwa ajili ya wagonjwa wanaocheleweshwa katika nchi tajiri na katika nchi maskini vilevile. Hawa ni watu ambao ugonjwa wa mapafu ndiyo dalili yao ya kwanza ya ugonjwa mwingine mkubwa, ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia tishu unganishi za mwili wenyewe.

Ombi langu nalitaja mapema lisije likapotea ndani ya maelezo. Iwe kanuni ya lazima, iliyoandikwa, kwamba hakuna mgonjwa mwenye uvimbe au makovu kwenye nyama ya mapafu atakayeandikiwa "sababu haijulikani" kabla mikono yake haijatazamwa, hajaulizwa maswali machache kuhusu mwili wake wote, na damu yake haijapimwa kingamwili zinazohusika, yaani protini za kinga zinazoushambulia mwili wenyewe.

Magonjwa ninayoyasema mnayajua kwa majina: skleroderma (ugonjwa wa kukakamaza ngozi), baridi yabisi inayotokana na kinga, ugonjwa wa Sjögren (wa kukausha macho na kinywa), lupasi, na yale ya misuli na ngozi yanayoitwa polimiositi na dermatomiositi. Tumezoea kuyatambua kwa viungo vilivyovimba, ngozi iliyokakamaa, vipele au misuli iliyolegea. Kwa wagonjwa wengi huo ndio mwanzo wake kweli. Lakini wapo ambao ugonjwa huanzia kwenye mapafu, na viungo au ngozi hufuata baada ya miezi au hata miaka. Wengine viungo havifuati kabisa. Mtu wa namna hii haendi kwa daktari wa baridi yabisi. Anakuja kwetu, kwa sababu anakohoa kikohozi kikavu kisichoisha na ngazi alizokuwa anazipanda bila kufikiri sasa zinamkata pumzi.

Akifika kwetu, kifua chake kinachunguzwa vizuri tu. Daktari anasikiliza mgongoni, chini ya mapafu, na kusikia ile sauti ya mtatariko inayofanana na utepe wa kunatisha unaobanduliwa, pale mgonjwa anapovuta pumzi. Eksirei inapigwa. Ikiwa safi, mara nyingi anarudishwa nyumbani na dawa ya kupuliza ya pumu, japokuwa eksirei inaweza kuwa safi kabisa wakati ugonjwa umeshaanza, na ni skani ya CT yenye picha za vipande vyembamba inayouonyesha. Katika nchi zenye kifua kikuu kingi kuna njia nyingine ya kupotea: madoa yanaonekana kwenye picha, makohozi hayana vimelea, lakini mgonjwa anaanzishiwa dawa za kifua kikuu za miezi 6 kwa kudhaniwa tu. Naheshimu hofu ya kifua kikuu na sitaki mtu aniseme vibaya kwa hilo. Ni lazima kitafutwe na kuondolewa shaka, hasa kwa mtu ambaye baadaye huenda akahitaji dawa za kupunguza kinga. Ninachopinga ni kwamba vipimo vikikikosa, tunaendelea kukitibu kana kwamba vimekiona.

Nieleze ninachokiona kwenye meza yangu. Namvika mgonjwa kifaa cha oksijeni kidoleni. Namba haitokei, au inatokea 78 halafu inapotea, ilhali mtu mwenyewe ameketi ametulia na anaongea sentensi ndefu bila kutweta. Nahamishia kidole cha kati, kisha cha pete, bado. Katika kliniki yenye foleni mtu atasema betri imechoka, au ni rangi ya kucha, au chumba kina baridi. Mkono unasuguliwa mpaka namba itulie, inaandikwa, anaitwa anayefuata.

Mama mmoja aliyekuwa akitibiwa pumu kwa muda mrefu alinipa mkono wenye vidole vya baridi kabisa, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vimepauka kuanzia katikati mpaka ncha, mpaka wa rangi ukiwa umejichora wazi. Tulipokuwa tunaongea, vikageuka vikawa na rangi ya samawati iliyokoza chini ya kucha. Niliweka kihisio kwenye ndewe ya sikio, oksijeni ikasomeka vizuri. Nikamuuliza hali hiyo imeanza lini. Akanijibu, "Zamani tu, sista, nikishika maji ya baridi. Nimekuja kwa kifua, sikuona haja ya kuvisema vidole." Jalada lake lilikuwa nene. Lilikuwa na eksirei, majibu ya makohozi, vipimo vya kupuliza na orodha ya dawa. Hakuna ukurasa hata mmoja uliotaja mikono yake. Ngozi yake ilikuwa bado laini, kwa hiyo hakuna aliyemfikiria kuwa na skleroderma, na alikuwa nayo.

Vidole vinavyobadilika rangi kwa baridi au kwa hofu vilielezwa na daktari Mfaransa Maurice Raynaud mwaka 1862, na mpaka leo dalili hiyo inaitwa kwa jina lake. Watu wengi wanayo na hawana ugonjwa wowote mkubwa. Lakini mtu mwenye dalili hiyo pamoja na makovu ya mapafu ni habari nyingine, na kuigundua hakuhitaji mashine. Daktari akitaka kusonga hatua moja mbele, anaweza kudondosha tone la mafuta kwenye ngozi ya shina la ukucha na kutazama mishipa midogo ya damu kwa kifaa kilekile cha kuangalizia macho. Mishipa iliyotanuka na kupotea mpangilio humwambia mengi.

Kuna dalili nyingine ya mikono ambayo naiogopa zaidi kwa jinsi inavyopitwa. Ngozi ya pembeni mwa kidole gumba na kidole cha shahada inakauka, inakuwa ngumu na kupasuka mistari midogo myeusi. Madaktari wanaiita mikono ya fundi, na jina hilohilo ndilo linalotupoteza, kwa sababu mgonjwa akiwa fundi au mkulima kweli, nyufa zake hazimshtui mtu. Swali la kuuliza ni jepesi: je, nyufa hizi zilikuwepo kabla ya kikohozi, na je, mkono usiofanya kazi nao umepasuka hivyohivyo? Zikiandamana na ugonjwa wa mapafu, homa za mara kwa mara na maumivu ya viungo, tunapaswa kufikiria ugonjwa wa kingamwili za sinthetesi, yaani zinazoshambulia vimeng'enya vya seli vyenye jina hilo, ambao unaweza kuyaharibu mapafu wakati misuli bado ina nguvu zake zote.

Hapa nina neno mahususi kwa wakuu wa vyuo. Picha nyingi za kufundishia dalili za ngozi zinaonyesha ngozi nyeupe, na wanafunzi wanakariri neno "wekundu". Vipele vya dermatomiositi vinavyokaa juu ya vifundo vya vidole na kwenye kope, kwa mtu mweusi, vinaweza kuonekana vya zambarau, vya kahawia iliyokoza au kama doa jeusi tu. Aliyefundishwa kutafuta wekundu atavitazama na kuandika kwamba ngozi haina tatizo. Badilisheni picha hizo. Ni jambo linalowezekana ndani ya muhula mmoja, na kila daktari atakayehitimu baada ya hapo atakuwa ameona kile anachopaswa kukitafuta.

Sasa nizungumzie damu, maana hapa ndipo hata hospitali kubwa zinapojikwaa.

Kipimo kinachoagizwa zaidi kinaitwa ANA. Kinatafuta kingamwili zinazong'ang'ania kiini cha seli. Kikirudi hasi, watu hupumua na kufunga ukurasa wa magonjwa ya kinga. Lakini kingamwili za sinthetesi, zile zinazoitwa anti-Jo-1, anti-PL-7, anti-PL-12 na wenzake, huchagua vitu vilivyo nje ya kiini cha seli. Mtaalamu wa maabara anaweza kuona seli ikiwaka sehemu ya nje na bado akaandika "ANA hasi", kwa kuwa aliulizwa kuhusu kiini tu. Jibu lake ni sahihi na mgonjwa amepotea. Isitoshe, wagonjwa wa anti-PL-7 na anti-PL-12 ndio hasa ambao mapafu hutangulia na misuli kuchelewa au kutougua kabisa. Yaani tunawapima kwa kipimo kinachoweza kuwakosa wale wanaokihitaji zaidi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili ya maabara. Kwanza, kila jibu la ANA litaje pia kama seli imewaka nje ya kiini. Hilo halihitaji kemikali mpya, linahitaji fomu mpya. Pili, mgonjwa wa makovu ya mapafu apimwe fungu lote la kingamwili zinazomhusu: kipimo cha baridi yabisi na anti-CCP, anti-Ro, anti-Scl-70, zile za sinthetesi, na anti-MDA5, pamoja na vimeng'enya vya misuli. Hospitali isiyo na maabara hiyo iwe na njia rasmi ya kupeleka damu mahali ilipo. Sasa hivi mgonjwa anapewa karatasi na kuambiwa atafute mwenyewe, na wengi wanaishia hapo.

Anti-MDA5, kingamwili ya aina moja ya dermatomiositi, nimeitaja mwisho kwa makusudi. Wagonjwa wake wanaweza kuwa na misuli mizima na vimeng'enya vya kawaida, wana vidonda vidogo vyenye maumivu kwenye viganja au juu ya vifundo vya vidole, na mapafu yao yanaweza kuharibika kwa kasi ya wiki. Mgonjwa huyu hana muda wa kusubiri barua ya rufaa itoke dirisha moja kwenda jingine. Mtu akifika na pumzi inayozidi kukata siku hadi siku na vidonda vya namna hiyo, simu ipigwe siku hiyohiyo.

Najua mtauliza: tukishajua, kuna faida gani, kovu si kovu? Hapana. Jina la ugonjwa ndilo linaloamua dawa, na dawa inayomsaidia mmoja inaweza kumuua mwingine. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani kwa wagonjwa ambao makovu yao ya mapafu kweli hayakuwa na sababu inayojulikana. Kundi moja lilipewa mchanganyiko wa prednisoni na azathioprini, ambazo huzima kinga, pamoja na asetilisisteini, jingine dawa bandia. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya wakati: katika kundi la mchanganyiko walikuwa wamefariki watu 8, katika kundi la dawa bandia 1, na waliolazwa hospitali ni 23 dhidi ya 7. Tangu hapo tunajua kwamba wagonjwa hao wasitibiwe kwa kuizima kinga.

Kwa wagonjwa wa skleroderma mambo ni tofauti kabisa. Utafiti wa mwaka 2006 ulionyesha saiklofosfamidi, dawa ya kuzima kinga, inapunguza kasi ya mapafu kudhoofika. Mwaka 2016 mwingine ukaonyesha mikofenoleti inafanya kazi karibu sawa na hiyo kwa madhara machache zaidi. Mwaka 2019 nintedanibu, dawa ya kupunguza makovu, ilionyesha kwamba uwezo wa mapafu ulipungua kwa takriban mililita 52 kwa mwaka, badala ya takriban 93 kwa waliopewa dawa bandia. Haiponyi, na mimi simwahidi mgonjwa kupona. Lakini kwa mtu ambaye bado anavaa nguo zake mwenyewe na anatembea bila mtungi wa oksijeni, kupunguza kasi hiyo mapema ndiyo tofauti ya maisha yake.

Na kosa linaweza kwenda upande wa pili pia. Daktari asiyejua kwamba mgonjwa ana skleroderma anaweza kumpa steroidi kwa dozi kubwa ili kutuliza mapafu. Kwa ugonjwa huo, dozi kubwa za steroidi huongeza hatari ya shinikizo la damu kuruka ghafla na figo kufeli. Mgonjwa alikuja na tatizo la pumzi, anaondoka na la figo. Kisa, hakuna aliyetazama vidole.

Hakuna kitu kigeni katika haya ninayoyaomba. Mwaka 2015 jumuiya ya madaktari wa mapafu ya Ulaya na ile ya Marekani zilitoa waraka wa pamoja kuhusu wagonjwa wa mapafu wenye alama za magonjwa ya kinga ambao bado hawajatimiza masharti ya kupewa jina kamili. Waliangalia mambo matatu: dalili za mwilini, kingamwili za damuni, na sura ya ugonjwa kwenye CT au kwenye kipande cha pafu. Mgonjwa akiwa na angalau alama moja katika kila moja ya mambo mawili kati ya hayo matatu, anahesabiwa miongoni mwa wagonjwa hao. Waraka ule uliandikwa hasa kuwapa watafiti lugha moja, haukuwa mwongozo wa dawa, lakini orodha yake ya dalili ni ya vitu vya kuonekana na kuulizwa: vidole vinavyobadilika rangi, mikono ya fundi, vidonda kwenye ncha za vidole, vidole vilivyovimba bila sababu, viungo kukakamaa asubuhi kwa dakika 60 au zaidi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 wa kutambua makovu ya mapafu yasiyo na sababu nao unataka damu ipimwe magonjwa haya kabla ya kufikia uamuzi huo. Maneno yapo. Kinachokosekana ni ninyi kuyageuza kuwa kazi ya kila siku katika vituo mnavyovisimamia.

Fomu ya ukurasa mmoja inatosha kuanzia, na muuguzi anaweza kuijaza mgonjwa akiwa bado kwenye benchi. Iwe na picha ya mikono miwili ya kuchora alama. Iulize kama vidole hubadilika rangi, kama viungo hukakamaa asubuhi na kwa muda gani, kama kinywa na macho hukauka, kama chakula hukwama kifuani au kiungulia kimezidi, kama kuinuka kwenye kiti au kunyanyua mikono kuchana nywele kumekuwa kazi, kama ndugu wa damu ana ugonjwa wa aina hii. Iulize pia sigara, kwa sababu inahusishwa na baridi yabisi na uharibifu wa mapafu yake, na kingamwili za baridi yabisi zimeonekana kwenye makohozi ya watu ambao viungo vyao bado vizima. Iulize kazi anayofanya, vumbi anayovuta, ndege anaowafuga na dawa anazotumia, maana hayo nayo hutia mapafu makovu na ni lazima yatenganishwe.

Fomu peke yake hata hivyo itakuwa karatasi tu kama hakuna mahali pa kuipeleka. Daktari wa mapafu, daktari wa magonjwa ya viungo na kinga, na msomaji wa picha za CT wanapaswa kukaa pamoja juu ya mgonjwa mmoja, kwa siku inayojulikana. Wasipokuwa na jengo moja, wakutane kwa simu ya video. Hospitali yenye daktari wa mapafu lakini isiyo na wa viungo iunganishwe rasmi na hospitali iliyo naye. Nimeona mgonjwa akibeba bahasha moja kwa wataalamu watatu, kila mmoja akiandika maoni yake chini ya ya mwenzake bila hata siku moja kusemezana, na mgonjwa ndiye anayebaki kutafsiri.

Kwa mnaosimamia bima nitasema kwa ufupi. Lipieni CT ya kifua na fungu la kingamwili kwa mgonjwa wa makovu ya mapafu bila kudai barua tatu za maelezo, na mruhusu vipimo virudiwe, kwa sababu jibu hasi la leo linaweza kuwa chanya ugonjwa unapoendelea kujifunua. Mgonjwa hapaswi kuambiwa amekwisha kutumia nafasi yake.

Njia hii pia itembee kinyumenyume. Anayetibiwa tayari skleroderma au ugonjwa wa misuli apimwe mapafu kwa kupuliza na kwa CT hata kama hajalalamika pumzi, kwa sababu makovu ya mapafu ni miongoni mwa mambo yanayoongoza kuwaua wagonjwa wa skleroderma, na kikohozi huja kikiwa kimechelewa. Kipimo cha kupuliza chenye kuonyesha jinsi hewa inavyopita kwenda kwenye damu huanza kushuka mapema kuliko vingine. Vituo vingi havina mashine hiyo. Nunueni.

Mwisho, kuna majalada. Katika kila hospitali mnayoisimamia wapo watu walioandikiwa "makovu ya mapafu, sababu haijulikani" miaka kadhaa iliyopita, na wengine walioandikiwa pumu isiyosikia dawa. Wako hai, wanakuja kuchukua dawa zao, wanapimwa uzito na kurudi. Msiwasubiri wazidiwe. Waiteni kwa majina kutoka kwenye rejista za kliniki za kifua, watazamwe mikono, waulizwe upya, wapimwe damu upya, na kila rejista iwe na safu ya kuonyesha nani ameshaitwa na nani bado.

Wenu katika huduma,

Muuguzi wa kliniki ya kifua